Chumba cha Nne cha Fundi Magodoro

Ijumaa iliyopita, watu walipokuwa wakitoka msikitini, mgeni mmoja alisimama dirishani kwangu, viatu mkononi na vumbi la Barabara ya Kilwa mpaka magotini, akaniuliza njia ya kwenda kwa fundi magodoro wa Mtoni. Nikamwelekeza: pita kisima, acha duka la Mwarabu kushoto, halafu fuata ua wa makuti mpaka uone nyumba yenye baraza pana. Kwa kuwa njia ile niliipita mara nyingi siku za nyuma, nilifurahi kuielekeza, nikamwuliza kwa uchangamfu kama anakwenda kuagiza godoro. Akaniangalia kidogo. "Hapana, bwana," akasema. "Nakwenda kuzika." Nikavaa koti langu, nikafunga mlango, tukafuatana. Jua lilikuwa kali lakini mwilini nilihisi kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, anayetembea huku nusu yake ingali imelala.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haitaji majina ya watu, na marehemu sitamtaja, ingawa upande ule wa Temeke hakuna asiyemjua. Alikuwa mtu wa Pwani, mfupi, mwenye sauti ya chini na vidole vigumu kama kamba ya nazi. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi, na aliifanyia nyumbani kwake. Barazani alichambua sufi, akitoa mbegu moja moja, na ndani alijaza na kushona kwa shazia, ile sindano ndefu inayopenya godoro zima na kutokea upande wa pili. Kuingia nyumba ile kulikuwa kama kuingia ndani ya wingu. Sufi ilielea ukumbini bila haraka, ikapanda mahali mwanga wa mlango wa ua ulipoingia, ikashuka gizani, ikapanda tena. Sauti zilikufa mle ndani. Mtu aliyekuwa akipiga kelele barabarani, akivuka kizingiti alianza kunong'ona mwenyewe bila kuambiwa. Mimi wakati ule nilikuwa karani wa kampuni moja ya mizigo bandarini, mgeni wa mji, nimetoka bara na sanduku moja la bati, na mara nyingi jioni nilipita kwake kwa sababu tu mahali pale palinifanya nisahau makelele ya bandari. Kesho yake ofisini wenzangu walinitoa manyoya ya sufi nyweleni wakaniuliza nimelala kwa nani.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu. Godoro likiisha, kabla ya kumpa mwenyewe, alilitandika sakafuni, akavua kofia, akalala juu yake chali na kufumba macho. Siku moja mke wa Mhindi mwenye duka la vyombo alikuja kuchukua lake, akamkuta fundi amelala fofofo juu ya mali yake, mdomo wazi. Yule mama akapandisha sauti, naye fundi akafumbua macho polepole, akakaa, akamwambia, "Usinigombeze, mama. Ningeshindwa kulala ndipo ungekuwa na haki ya kunigombeza." Mama akacheka mpaka akashikilia ukuta, akalipa, na mwezi uliofuata akaagiza mengine mawili. Fundi aliniambia kwamba hakuwa akifanya mzaha. Mkono hauwezi kujua godoro, alisema; mgongo ndio unaojua. Na alikuwa akiwauliza wateja wake, wiki mbili baada ya kununua, wameota nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, kazi yake ilikua. Hoteli moja ya mjini ilimwagiza magodoro, kisha shule ya bweni huko bara ikamwagiza mengi zaidi, na kwa msimu mzima watu wa mkokoteni hawakutoka mlangoni kwake. Siku moja akaja chumbani kwangu na barua ameikunja ndani ya kofia. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa. Niliisoma mara mbili, kwa maana sikuamini. Sisi Waafrika tulizoea kodi ya kichwa. Kodi ya mapato tulidhani ni habari ya Wazungu na ya Wahindi wenye maduka ya ghorofa. Lakini hoteli ilikuwa imeandika katika vitabu vyake imemlipa nani, na shule vilevile, na mtu fulani ofisini alikuwa amejumlisha. Walichojumlisha ni kila shilingi iliyoingia mkononi mwa fundi. Hawakutoa kitambaa, wala uzi, wala sufi aliyonunua kwa wachumaji, wala mkokoteni.

Nilipomweleza, aliikunja barua akairudisha ndani ya kofia. Kisha akasema, "Kama wanataka hiyo yote, bwana mdogo, nitauza nyumba. Mie nitarudi shamba kwa wajomba zangu. Mke wangu hajui kulima."

"Usiuze kitu, fundi," nikamwambia. "Sheria inakuruhusu kutoa gharama za kazi. Tena kama unafanyia kazi nyumbani, ile sehemu ya nyumba inayotumika kwa kazi nayo inapunguza kodi. Tutajaza fomu."

Nilijiona mkubwa siku hiyo. Nilikuwa nimejifunza mambo hayo kwa karani mwenzangu Mgoa, na nilikuwa na hamu ya kuyatumia. Jumapili baada ya ibada nikaenda Mtoni na fomu, wino na kalamu mpya. Tukakaa barazani. Mkewe alileta kahawa, akarudi uani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye adabu nyingi, na sikumbuki kama kabla ya hapo niliwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Tukaandika kitambaa, tukaandika uzi na mkokoteni. Mambo yakaenda vizuri mpaka tukafika kwenye vyumba.

"Nyumba ina vyumba vinne," nikasema. "Kimoja mnalala. Kimoja cha wageni."

"Ndiyo."

"Kimoja unajazia magodoro. Hicho ni cha kazi tupu. Na cha nne?"

"Cha nne kiache."

"Fundi, cha nne kina magunia ya sufi mpaka kwenye boriti. Nimekiona."

"Kiache, bwana mdogo."

Nikadhani haelewi. Nikamweleza tena, kwa upole wa mtu aliyesoma anayemwonea huruma asiyesoma, kwamba chumba kile peke yake kingempunguzia kodi kuliko uzi wa mwaka mzima. Akatikisa kichwa na kuangalia barabarani. Sikubishana. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, naye hakujua kusoma, na kwenye nafasi ya vyumba vya kazi niliandika viwili. Akatia dole gumba pale nilipomwonyesha. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kumbe waliopokea fomu hawakuzoea kuona fomu ya namna ile kutoka Mtoni. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya pili: ofisa atafika kuiona nyumba. Nikaomba ruhusa kazini ili nikawe mkalimani. Ofisa mwenyewe alikuwa kijana wa Kizungu, mwekundu wa shingo, kofia kubwa, na daftari lililofungwa kwa mpira. Watoto wa jirani walimfuata wakiita Bwana Kodi, Bwana Kodi, lakini alipovuka kizingiti cha fundi, yeye naye, kama sisi sote, akateremsha sauti. Akaiangalia sufi ikielea. Nilimwona akinyoosha kiganja, unyoya mmoja ukatua juu yake, akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya serikali. Kisha akakumbuka daftari lake. Akapima chumba cha kujazia kwa hatua zake, akaandika. Akaelekea chumba cha nne.

Fundi alikuwa nyuma yetu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika, na hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa maana nilikumbuka nilichoandika na dole gumba ni la nani.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya gunia kavu. Magunia yalipangwa ukuta hadi ukuta. Ofisa akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akafungua kalamu. Halafu akainama. Chini ya magunia ya mbele miguu minne mifupi ya kitanda ilionekana, imechongwa vizuri, na ncha ya godoro dogo la kitambaa cha mistari ya buluu.

"Kitanda hiki ni cha nani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Sikumfasiria fundi swali lile. Nilijibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule ya misheni. Nilisema si kitanda, ni jukwaa la kuinulia magunia yasipate unyevu.

"Hapana," ikasema sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Fundi alikuwa amevua kofia. Hakuwahi kuniambia kwamba ujanani alikuwa dobi wa Mzungu mmoja kwa miaka saba. Akazungumza Kiingereza kilichovunjikavunjika, cha uani na cha pasi ya mkaa, lakini kila neno lilisikika. Akasema kitanda ni cha mtoto wake. Mtoto wa kike. Alikufa kwa homa, miaka sita sasa. Akasema chumba hiki si cha kazi, na aliyeandika amekosea.

Nilitamani sakafu inimeze. Yule kijana wa Kizungu naye akavua kofia yake, nami nikavua yangu, tukasimama watatu, vichwa wazi, mbele ya magunia. Kisha ofisa akasema, taratibu, kwamba sheria haiulizi chumba kilikuwa cha nani zamani. Inauliza kinatumika kwa nini leo. Leo kina sufi. Kwa maoni yake fundi ana haki kamili ya kukihesabu, na hakuna uongo wowote katika fomu. Akanitazama ili nifasiri. Nikafasiri, safari hii neno kwa neno.

Wasomaji, zingatieni hapo. Mlango ulikuwa umefunguliwa, tena kwa haki. Kusema ndiyo kulitosha.

Fundi akajibu kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Mwambie nashukuru. Mwambie akikiandika hivyo, kitakuwa stoo. Mke wangu mpaka leo anakiita cha mtoto."

Nikafasiri. Ofisa akapiga mstari mmoja kwenye daftari, akaandika moja mahali palipokuwa na mbili. Alipotoka aliwapita watoto bila kuwaona.

Mimi nikabaki ukumbini, sijui niombe radhi vipi. Fundi akanigusa bega. "Una mkono mwepesi wa kuandika, bwana mdogo," akasema, na hilo ndilo lawama pekee nililopata kwake mpaka anaingia kaburini. Akaenda barazani kwenye kazi yake. Mkewe akaja kutoka uani, ametanda kanga, akasimama karibu nami. Hakujua Kiingereza hata neno moja. Alikuwa ameona tu wanaume watatu kwenye mlango wa chumba kile wamevua kofia.

"Mlikuwa mnasema nini mle ndani?" akaniuliza.

Nilimweleza yote. Sikuacha kitu, hata uongo wangu. Alinisikiliza akiwa ameshika nguzo ya mlango, na nilipomaliza sufi ilikuwa imetua kwenye kanga yake naye hajaipangusa.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita nimedhani amesahau. Yeye ndiye aliyeingiza magunia, arobaini ya mtoto haijafika. Nikasema moyoni, mtu huyu hana moyo. Na sikumwambia. Tumekaa tunazungumza habari za uzi."

Hakuzungumza kwa sauti kubwa, lakini nimekwisha sema jinsi nyumba ile ilivyokuwa tulivu, na hata neno la chini lilifika barazani. Fundi akaja mlangoni na mbegu za sufi mkononi. "Ningewezaje kukiona kitupu?" akamwambia mkewe. "Kila nikipita mlango ulikuwa wazi, na kitanda kile. Nikasema nikijaze tu. Nikijaze, nipite."

Sikumsikia mkewe akijibu, kwa sababu nilichukua kofia yangu nikaondoka. Nilitembea mpaka darajani, nikakaa ukutani nikitazama maji ya kijito. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa kama mtu aliyefumbua macho asubuhi asijue bado yuko nyumba gani.

Mambo yaliisha hivi. Kodi ilipunguzwa sana kwa ajili ya kitambaa, uzi, sufi na chumba kimoja. Iliyobaki ilimlazimu auze baiskeli yake, na kwa mwaka ule mzima alikwenda kwa wateja kwa miguu. Nyumba haikuuzwa. Wakati wa fomu ulipofika tena, nilikwenda nikiwa na tahadhari, kalamu mfukoni, sikuitoa mpaka nilipoambiwa. Mkewe alikuja akakaa nasi barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tulipofika kwenye vyumba, yeye ndiye aliyesema: "Mwaka huu vya kazi andika viwili." Nikamtazama fundi. Akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamekitoa kila kitu chumbani kwa siku mbili, wao wawili, wakifagia na kuzungumza. Kitanda walimpa jirani aliyejifungua. Godoro dogo fundi alilifumua, sufi yake akaichambua upya, akamshonea mkewe mto wa kulalia. Kisha wakayarudisha magunia, na mwanamke mwenyewe alibeba la kwanza.

Nimekuwa nikiwaza mambo haya tangu Ijumaa. Katika mitaa yetu nyumba chache sana ni nyumba tu. Mama anapika vitumbua vya kuuza kwenye jiko lilelile la uji wa watoto; cherehani iko chini ya dirisha la chumba cha kulala; mtu anasuka mikeka huku anabembeleza mjukuu kwa mguu. Anapokuja mwenye fomu akiuliza kazi inakoma wapi na maisha yanaanzia wapi, tunacheka, kwa sababu mstari huo hatujapata kuuona. Siku hizi viwanda vinaota kando ya Barabara ya Pugu, vijana wanakwenda kazini kwa king'ora na kurudi kwa king'ora, na huenda wajukuu wetu watakuwa na nyumba ambazo kazi haiingii kabisa. Sijui kama nitawaonea wivu. Lakini nyumba zetu hizi zina hatari yake, nami niliiona Mtoni. Penye kazi siku zote pana la kuzungumza: bei ya kitambaa imepanda, mteja wa jana hajaja, uzi umekwisha. Watu wawili wanaweza kuzungumza kutwa, wakasikilizana vizuri, wakala sahani moja, na jambo moja tu likakaa katikati yao bila kuguswa, likifunikwa kila mwaka na gunia jingine. Wala si kwa ukatili. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake kwa namna ambayo mwenzake hakuweza kuiona.

Kuzika hatukuchelewa. Baada ya dua nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa ndani na wanawake wenzake, akanitokea ukumbini, macho mekundu lakini uso umetulia. Aliniambia kwamba katika ugonjwa wa mwisho wa mumewe walizungumza sana, karibu kila siku, na kwamba hakuna neno alilotaka kumwambia ambalo hakumwambia. Nimehudhuria misiba mingi katika mji huu, ya Waislamu na ya Wakristo, ya wenye mali na ya wachuuzi, na ni wajane wachache mno niliowasikia wakiweza kusema hivyo. Kwao wale wawili ilibidi aje kijana wa Kizungu na daftari, akilini mwake hana ila kodi, ndipo swali liulizwe. Ninyi mnaosoma hapa jioni, mume upande huu wa kibatari na mke upande ule, msiingoje serikali ije kuwauliza kuna nini ndani ya nyumba yenu. Ulizaneni wenyewe, na mnayeulizwa, jibuni.